Dada Aliniandikia Insha ya Mantiki, Sasa Anataka Kuingia Chuo

Mama Mshauri, shikamoo. Mimi ni mwanafunzi wa uhandisi wa ujenzi, mwaka wa nne, na nakuomba unionyeshe njia upesi maana mambo yamenifika shingoni. Hapa chuoni kwetu, uwe unasomea udaktari au madaraja, hupewi shahada mpaka umalize kozi nne za lazima kwa wote, yaani historia, maadili, fasihi na hii inayoitwa Mantiki na Uandishi, na mimi tatu nilizipita kwa kubahatisha na ya nne nikaikwepa hadi muhula huu wa mwisho, kwa sababu, tuseme ukweli, daraja halisimami kwa insha, na wanaozifundisha kozi hizo ni watu ambao hata balbu ikiungua wanaita mtu.

Naishi na dada yangu mkubwa, fundi cherehani, aliyeacha shule mama alipofariki ili mimi niendelee, na siku moja nikatupa karatasi ya swali juu ya meza yake ya kukatia huku nikilalamika, swali lenyewe lilitutaka tueleze kazi moja tunayoijua na maarifa yaliyomo ndani yake, akaisoma pini zikiwa mdomoni, akazitoa akasema, "Mdogo wangu, mbona swali tamu hili?" nikamwambia basi niandikie rasimu tu, mimi nitaitengeneza, akajaza kurasa sita kwenye daftari lake la vipimo vya wateja, na mimi sikutengeneza kitu, niliichapa kwenye kompyuta nikaweka jina langu.

Mhadhiri akaisifu mbele ya darasa zima, akaniita nisimame nijibu maswali, na msichana mmoja anayesomea uuguzi akauliza, "Umeandika kwamba kitambaa kikikatwa mshazari kinanyumbulika kuliko kikikatwa wima. Kwa nini?" Mama, nilijikuna kichwa nikasema inategemea na kitambaa. Darasa likacheka, mhadhiri hakucheka, alinitazama juu ya miwani akasema, "Njoo ofisini kwangu na rasimu zako za mkono." Ameniita mara mbili, na mara zote mbili nimesema naumwa.

Lakini hilo bado si kubwa. Kubwa ni kwamba nilipomwambia dada alama alizopata, yaani nilizopata, kesho yake alirudi na fomu ya mtihani wa kujiunga na chuo kwa watu wazima, na mtihani wenyewe ni insha, na anayesahihisha ni mhadhiri yule yule! Akiandika ukurasa mmoja tu, mimi nimekwisha. Nikaichukua ile fomu nikaificha chini ya godoro langu, yeye anadhani imepotelea kwenye vitambaa, amepekua marobota yote, na mwisho wa kuipokea ni tarehe thelathini. Naomba unifundishe maneno ya kumkatisha tamaa polepole bila kumuumiza, kwa sababu nampenda sana dada yangu, na kwa umri wake huu, chuo cha nini?

Mhandisi Mtarajiwa

*

Marahaba. Ihifadhi hiyo, maana ndilo neno laini la mwisho utakalolipata kwangu leo.

Barua yako nimeisoma mara mbili, ya pili nikiwa nimesimama, kukaa kulinishinda. Eti unampenda sana dada yako! Kijana, mtu unayempenda humwachi apekue marobota akitafuta kitu ambacho wewe umekilalia.

Unasema daraja halisimami kwa insha. Haya, lile swali la yule msichana ulidhani ni la ushonaji? Lilikuwa swali lako, mheshimiwa. Nimempigia simu fundi wangu wa nguo, amenieleza huku anapiga pasi: uzi ukiuvuta kwa urefu wake unakaza, ukivuta kitambaa kwa pembe, vile vijimraba vya nyuzi vinalala upande na nguo inaongezeka. Nguvu na pembe. Si ndiyo unayosomea miaka minne? Bila shaka dada yako aliyaeleza hayo humo humo ndani, ila wewe hukuona haja ya kuisoma insha uliyoitia jina. Unawacheka wanaoita mtu wa balbu, na wewe umeita mtu wa kufikiri.

Hofu yako naielewa. Kufukuzwa muhula wa mwisho si mchezo. Lakini ulipoogopa, hukwenda kujisemea wewe. Ulikwenda kumzibia mwenzako. Halafu unaniuliza kwa umri wake huu chuo cha nini. Umri huo hata hukuutaja. Nitakutajia mimi: ni umri wa mtu aliyempisha mdogo wake mlangoni, akabaki nje.

Maneno ya kumkatisha tamaa sina, na ningekuwa nayo ningeyatumia kwako.

Weka gazeti hili chini, inua godoro. Mpe fomu mkononi, mwambie uliichukua wewe na kwa nini uliichukua. Usithubutu kusema umeiokota. Akikuzaba kofi, lipokee. Kisha mwombe lile daftari la vipimo, nenda nalo kwa mhadhiri kabla hajakuita mara ya tatu, useme: insha si yangu, dada alijua ananisaidia rasimu tu, kosa ni langu peke yangu. Hilo la mwisho litamke vizuri, maana ndilo litakalomkinga siku karatasi yake ya mtihani itakapofika kwenye meza ile.

Watakufutia kozi. Huenda wakakurudisha mwaka mzima, huenda wakafanya zaidi, siwezi kukuahidi huruma ya watu nisiowajua. Wakikuruhusu kurudia, kaa kiti cha mbele na uandike kwa mkono wako mwenyewe. Insha itakuwa mbovu. Iache iwe mbovu, ipeleke hivyo hivyo, ukosolewe kama wenzako.

Na usingoje tarehe thelathini. Kesho asubuhi msindikize dada yako hadi kwenye dirisha la kupokelea fomu, ukae nyuma yake kwenye foleni. Karani akiuliza wewe ni nani, sema ni mdogo wake, na ukomee hapo.