Majina Mawili ya Kabaso

S.L.P. 97,
Kasama.
12 Novemba 2018.

Mpendwa Shangazi Chileshe,

Pokea salamu nyingi kutoka kwetu sote. Hujambo huko Cape Town? Kile kikohozi ulichokipata kwenye baridi ya maabara kimeisha? Bibi anauliza kama unapata ugali au unaishi kwa mkate. Sisi ni wazima, isipokuwa mmoja, na kwa sababu yake nashindwa kutulia kitini. Barua hii nimeianza mara tatu.

Barua yako ya mwezi uliopita niliisoma mbele ya wote. Uliandika kwamba umechunguza virusi vya jamii ya herpesi kwa miaka kumi na sita, na jinsi vinavyoigeuza chembe ya mwili yenye afya kuwa ya saratani, lakini hujamponya mtu hata mmoja, na sasa unafikiria kuiacha kazi hiyo. Bibi alicheka mpaka akajipiga mapaja. “Mimi nikienda porini kuokota viwavi wa kula narudi na kapu. Binti yangu miaka kumi na sita anawinda kijidudu, hata kikombe hajajaza!” Wote walicheka. Mimi nilicheka kidogo tu.

Sasa nikueleze habari za mdogo wangu Kabaso. Mwezi wa Septemba shavu lake la kushoto lilivimba. Majirani walisema ni jino. Lakini meno manne yalilegea kwa mfululizo, na hakuna hata moja lililotoboka. Nikakumbuka picha za watoto wagonjwa ulizonionyesha ulipokuja likizo, nikamsumbua Mama mpaka tukaenda hospitali. Walikata kipande kidogo cha uvimbe, kikapelekwa Lusaka kupimwa.

Tuliporudi, Bibi alisema jina la marehemu alilorithishwa Kabaso limemkataa. Unaijua desturi yetu. Alimfunga ushanga mweupe mkononi, akamwita Makasa, akatukataza kulitamka jina la zamani ili ugonjwa usijue alipo. Mama akafungua faili jipya hospitalini kwa jina hilo jipya.

Basi kila tulipokwenda tuliambiwa, “Makasa Kapembwa hana majibu.” Shavu likazidi kukua mpaka likaanza kulifunika jicho. Ijumaa, karani aliposema hivyo tena, nilikumbuka maneno yako kwamba kipande kisicho na jina la mwenyewe ni nyama tu. Nikamwuliza kwa sauti ya chini kama kuna majibu ya Kabaso.

“Huyu? Majibu yake yana wiki mbili hapa, binti. Tulidhani mtoto ameshafariki.”

Ni saratani ileile unayoichunguza, Shangazi. Daktari alisema dawa ipo, na watoto wengi wakiwahiwa hupona, lakini uvimbe huu haungoji. Ila hawezi kumpa Makasa dawa kwa majibu ya Kabaso mpaka mkubwa wa familia athibitishe mbele yake kwamba ni mtoto mmoja. Baba yuko machimboni Solwezi, simu yake haipatikani. Mama aliinamisha kichwa. Yeye ni mkwe. Jina alilolifunga Bibi hawezi kulifungua. Tulipomwomba Bibi, alituuliza, “Mnataka nimwite chui aje nyumbani?”

Nimekupigia tangu Jumamosi, simu inaita tu. Ndiyo maana naandika. Sijui nifanye nini kingine na mikono yangu.

Jumatano, 14 Novemba.

Barua sikuipeleka posta, kwa hiyo naiendeleza.

Jana nilimfuata Bibi jikoni akichambua majani ya muhogo. Nilimwambia kwamba chui hahitaji kuitwa, yumo ndani tayari, na Shangazi amezifuata nyayo zake miaka yote hiyo mpaka anajua anakolala. Bila yeye ningejuaje kwamba si jino?

“Nani amekufundisha kujibizana na wakubwa?”

“Shangazi Chileshe.”

“Nilijua!” akasema, akaendelea kuchambua.

Leo asubuhi alivaa kitenge chake cha kanisani, akatutangulia njia nzima. Kabaso aliuliza aitikie jina lipi ili apewe biskuti. Mbele ya daktari na karani Bibi alisimama wima, akatoa sauti iliyowageuza wagonjwa wote kwenye mabenchi: “Kabaso! Kabaso Kapembwa, mjukuu wangu. Andikeni kwa herufi kubwa. Na kama ugonjwa unasikia, usikie vizuri: binti yangu anaujua.”

Dawa ilianza kudondoka saa nne. Nilihesabu matone mpaka nesi akanifukuza. Itakuwaje, bado hatujui. Daktari ametaka anwani yako ili akuandikie kuhusu majibu haya, nami nimempa. Tafadhali, Shangazi, usiiache kazi kabla hujaisoma barua yake. Mimi nimebakiza miaka miwili shuleni, na ningependa nikukute maabara.

Nisalimie Mjomba Sampa na mdogo wetu Nkole. Mama anakusalimu. Bibi anasema ule ugali. Mungu ayalinde macho yako na mikono yako.

Ni mimi mpwa wako akupendaye,
Mubanga