Umeme wa Pumzi ya Bilha

Woodbridge, Virginia
9 Novemba 2024

Dada Benadetha,

Shikamoo. Miguu inaendeleaje? Na watoto wa Kalisti hawajambo? Sisi tunamshukuru Mungu, ila mapafu ya mke wangu Bilha yanazidi kuchoka. Daktari amempa mashine ya oksijeni, nayo inataka umeme usiku na mchana.

Najua utauliza kwa nini bado tunakaa kwenye boti. Bilha amehudumia wazee wa watu miaka mingi katika vyumba vya mapazia mazito. Sasa anataka akiamka auone mto. Gati letu ni la zamani, halina umeme. Jenereta nayo hutoa moshi unaomkaba. Basi nimefunga sola juu ya paa na kununua betri kubwa. Friji nimeizima, chakula tunakiweka nje kwenye baridi. Taa tunawasha moja. Umeme wote ni wa pumzi yake.

Mdogo wako,
Ombeni

Bukoba
1 Desemba 2024

Mdogo wangu,

Marahaba. Miguu inauma lakini natembea, na wa Kalisti wazima. Mpe Bilha pole nyingi.

Ombeni, jua la huko wakati wa baridi ni la kutegemea? Mwanenu Irene ana nyumba Herndon, yenye umeme wa uhakika. Mpeleke mama yake huko. Mgonjwa akikataa tunamwelewa. Wewe mzima, unangoja nini?

Dada yako,
Benadetha

Herndon, Virginia
19 Machi 2025

Dada,

Shikamoo, na unisamehe kwa kunyamaza.

Januari theluji ilifunika sola, kisha mawingu yakakaa. Ikabidi niwashe injini ya boti kidogo kidogo ichaji betri, huku nimemfungia Bilha katika chumba cha mbele moshi usimfikie. Nikawa silali, macho kwenye mita ya betri. Siku moja akanishika shati.

"Ombeni, mara ya mwisho umeniangalia lini?"

"Si nakuangalia kila saa?"

"Unaangalia betri."

Nikaiacha mita, nikamgeukia. Akaniambia, "Mto nimeushiba. Twende kwa Irene."

Hapa mashine tuliichomeka ukutani, basi. Sikuwa na kazi tena ila kukaa naye. Tulizungumza hata habari za mtoto wetu wa kwanza, tuliyemzika Bukoba na hatukumtaja tena.

Jumapili mchana alinisogezea mto wa kulalia, akasema nijinyooshe kando yake. Usingizi ukanichukua. Nilipoamka mashine ilikuwa bado inavuma. Bilha alikuwa ameshatutoka.

Sikuizima, dada, mpaka Irene aliporudi kutoka kazini.

Mdogo wako,
Ombeni