Laptopu Inayotaja Jina Lako

Mpwa wangu,

Kutoka Noonkopir mpaka Loitokitok, hakuna mashine imewahi kunishinda. Hata helikopta ya mkubwa fulani ilipozimika Kajiado, niliitwa mimi, nikaipiga teke moja ikapaa. Ni wewe ulikuwa unaandika hizo habari kwa laptopu yako, umekalia ndoo kando ya zizi, ukinicheka. "Anko, juzi simba walikuwa wawili. Leo ni watano?" Nikakuambia hao watatu walichelewa.

Tangu tukuzike, nyanya yako hataki jina lako litajwe hapa bomani. Ndivyo Wamaasai wa zamani walifanya kijana akifa, na hata sisi watu wa kanisa tunamtii. Kwa hivyo hapa sitaliandika. Ni laptopu peke yake haikuambiwa. Ukiiwasha, jina lako linatokea kwa kioo kabla ya kitu kingine chochote.

Halafu betri ikafura kama tumbo la ng'ombe aliyekula majani mabichi, mashine ikaanza kuzimazima. Nikatoa bisibisi zangu zote. Mpwa, hizo skrubu ziko na vichwa kama kaua kadogo, hakuna bisibisi ya mtu mwaminifu inaingia. Nikafungua kwa kisu. Ndani, betri imebandikwa na gundi! Nani anabandika betri na gundi? Hata tochi ya watoto inafunguka.

Nikaipeleka kwa fundi, Kitengela. Akaiangalia, akatikisa kichwa. "Mzee, hawa waliotengeneza wamechomelea kila kitu kwa bodi, hii sahani ya ndani. Memori inayoshika vitu haitoki uweke kwa mashine ingine. Nikikuwekea bodi mpya itafanya kazi, lakini vitu vya mwenyewe vyote vimeenda."

"Ndani kuna kitabu changu," nikamwambia. "Wazungu wanakingoja."

"Basi jaribu wenye kampuni, Nairobi."

Huko Nairobi, msichana wa kaunta akasema kwa heshima kwamba lazima mwenyewe aje na paswadi yake. Nikasema mwenyewe hawezi kuja.

"Hata kesho ni sawa, mzee."

Nikaibeba mashine nikatoka. Nilirudi Kitengela nikamwambia fundi atoe betri peke yake, bodi asiiguse. Sasa nikiichomeka kwa umeme inawaka, jina lako linatokea, halafu inazima. Inafika hapo tu. Hizo hadithi zangu sizitafuti tena.

Asubuhi mbuzi wakishatoka, naingia stoo, naiwasha, nalisoma jina lako kwa sauti kabla halijapotea. Juzi nyanya yako akanisikia kutoka upande ule wa mabati.

"Unaita nani?"

"Mbuzi, mama. Kuna mmoja amebaki nyuma."

Nikasikia akiegemea mabati. Kisha akauliza, polepole, "Na ameitika?"

Mpwa, mimi wa helikopta, mimi wa simba watano, nikakosa uongo wa kumpa.

Lala salama.

Anko wako