Darubini ya Baba Neema

Jumamosi, Maisaka

Risasi tatu, na boga halijakwaruzwa hata kidogo! Mwezi mzima mume wangu, Baba Neema, ametuchosha kwa kuisifia bunduki yake mpya ya kuwindia, eti haikosei. Leo tulipokwenda kuijaribu shambani Sigino, baba yake alichukua gobore lake kuukuu akalipasua boga mara moja tu.

"Shikamoo, gobore," nikasema. Baba Neema akanuna mpaka nyumbani.

Sasa anataka kuirudisha dukani, na kosa ni langu. Jana nilizungusha skrubu za darubini ya kulengea iliyofungwa juu ya bunduki yake nikichungulia nani anachuma mchicha wangu.

Itabidi niseme. Lakini ataniuliza nilimwona nani, na mwizi mwenyewe ni mama yake.