Pombe ya Asali Yenye Kakao

Masama, Jumapili jioni

Dada mpendwa Eliaichi,

Mvua haikatiki huku, na mikono inaniuma kwa kukoroga. Shangazi aliniruhusu nitie kakao na pilipili katika pombe yake ya asali, kama watu wa kale wa Meksiko tuliosimuliwa darasani. Leo wazee wamekuja kuamua kama nirudi shule au niolewe.

Babu akachungulia kata. “Mbona nyeusi? Aliyepika aonje kwanza!”

Ndiyo desturi, lakini niliahidi kanisani kutokunywa pombe. Nikakataa.

Shangazi akainywa yeye. “Baba, mtoto anayetunza ahadi hivi, ndiye mnayetaka kumtoa shule?”

Hawajaamua, ila wameomba kata ya pili. Nimechoka sana. Mpe mama shikamoo yangu, na tafadhali, dada, nifulie sare.

Mdogo wako akupendaye,
Ndeshi