Mwimbaji wa Landi na Mwisho Unaozama

Mshauri wetu, nakuandikia nikiona haya, lakini afadhali unicheke wewe gazetini kuliko nichekwe na ukumbi mzima wa kanisa, kwa sababu Jumamosi ya mwisho wa mwezi huu natakiwa kuimba peke yangu wimbo wa Kijerumani, wa mtu anayemuaga mpenzi wake, nami ni mwanakwaya tu, karani wa mizigo hapa stesheni ya Nakuru, na hakuna mtu wa Landi, hizi nyumba zetu za wafanyakazi wa reli, aliyewahi kupewa wimbo wa peke yake.

Padri alinifundisha kutamka maneno, lakini sauti nimejifunza kutoka kwa sahani ya santuri, maana mimi najua do-re-mi tu, zile nota za Wazungu sizisomi, basi kila nikitoka kazini nausikiliza kwa gramafoni yangu ya kuzungusha kwa mkono, niliyoinunua kwenye mnada wa shamba huko Molo, na aliyeniuzia alinionya nisizidishe mizunguko kumi, springi isije ikakatika, nami nimemtii mpaka leo. Kipande cha mwisho ndicho kilichoniingia moyoni, kwa sababu mwimbaji anaanza kwenda polepole, sauti inashuka, inashuka, mpaka inakuwa nzito kama ya fahali, na hapo mimi hulia. Mke wangu husema, "Baba Wekesa, hiyo kitu imechoka," lakini yeye si mwanamuziki, na tena nimechunguza, hata sahani ya dansi ya jirani nilipoipiga kwangu ilimalizika kwa huzuni hiyo hiyo, nikajua ndiyo desturi ya waimbaji wakubwa.

Sasa Mwalimu Awuor, anayetupigia piano kwa kusoma nota, hapunguzi mwendo hata kidogo, alimaliza mimi nikiwa nimebakiza mistari miwili, akaniuliza mbele ya kwaya, "Bwana Khisa, sisi tumefika Nakuru, wewe bado uko Njoro?" Nikakasirika nikamwambia hajui kazi, akafunga piano akasema hatapiga tena mpaka nimwombe radhi mbele ya watu wale wale. Nimwombe radhi, na mimi ndiye niliyeusikia wimbo kwa masikio yangu? Au niimbe bila piano?

Khisa, Landi, Nakuru

Bwana Khisa, barua yako nimeisoma mara mbili, kwa sababu mara ya kwanza nilishindwa kuimaliza kwa kucheka. Usiudhike. Mjerumani wako hana huzuni yoyote ya ajabu. Gramafoni yako inaishiwa nguvu. Mizunguko kumi haifiki mwisho wa sahani. Springi inalegea, sahani inazunguka polepole, na sauti inashuka nayo. Ndiyo maana hata wale wa dansi, watu waliokuwa na furaha zao, kwako waliishia matangani.

Upige wimbo tena, na sauti ikianza kuzama, zungusha. Utamsikia huyo bwana akiinuka na kuendelea na safari yake. Springi ikikatika na ikatike.

Najua itakuuma. Umeipenda ile sauti ya chini, na bila shaka umeshawaonyesha makarani wenzako. Haimo kwenye wimbo, iache. Lakini yale machozi usiyaonee haya. Ulimlilia mtu anayeachana na mpenzi wake, na hilo hukufundishwa na springi. Litie kwenye wimbo kwa mwendo wa Mwalimu Awuor, watu watalisikia.

Sasa hasira yako. Wanawake wawili walikuambia ukweli. Mmoja anasoma nota usizozisoma, mwingine anaisikia gramafoni yako kila jioni akipika. Ukawapuuza wote, ukaamini sanduku la mnadani! Kuimba bila piano ni kuendelea kuliamini, nami nakukataza.

Nenda mazoezini, simama mbele ya kwaya yote, useme, "Mwalimu, nilikosa." Maneno mawili tu. Hadithi ya springi usiilete, maana ukianza kueleza utaanza kujitetea. Watacheka, na wewe cheka nao. Kisha mwombe aanze mwanzo, na akimaliza akainua mikono kutoka kwenye piano, nyamaza, hata kama pumzi imebaki.

Ila kabla ya Mwalimu kuna Mama Wekesa. Mwombe radhi leo, kabla hujaigusa hiyo gramafoni. Ukisubiri kwanza uhakikishe kama nimesema kweli, utakuwa umemweka mkeo nyuma ya sanduku mara ya pili.