Mama Mkwe, Siagi na Ubongo wa Mwanangu

Mshauri mpendwa, naomba unisaidie kabla siagi haijaisha dukani. Mimi ni mtafiti wa maabara, nachunguza mafuta yenye sukari yanayokaa juu ya seli za ubongo, ambayo ubongo hujitengenezea wenyewe, mwanzoni yakiwa na sukari chache, halafu seli zikianza kushikana na kuwasiliana yanaongezewa nyingine, hata nikiyapima kwenye kibao cha kioo madoa ya zambarau ya mafuta ya ubongo wa panya mchanga yanakaa kwingine na ya panya mzima kwingine, sasa mama mkwe, anayenilelea mwanangu wa miezi minane nikiwa kazini, huwaambia wageni kwamba mkwe wake "amesoma miaka yote ile aje kusaga bongo za panya", basi siku moja mezani nikaona nimkomeshe, nikasema mbele ya mawifi, "Mama, bila mafuta na sukari hakuna ubongo wa mtoto," nikajiona mshindi, kumbe tangu siku hiyo mtoto analishwa siagi iliyokorogwa na sukari asubuhi na jioni, uji hataki kuuona, tumbo linamsumbua, na nikigusa kijiko mama anasema, "Niache, mwanangu, si wewe mwenyewe uliyesema?" huku mume wangu akiinamia simu kama hasikii, na mimi nikikana nitaonekana mwongo, nikinyamaza mtoto anaumia, nikigombana na mama nani atanilelea, na anampenda mjukuu huyu kuliko macho yake. Nifanyeje?

Mkwe Mwenye Mdomo

Haya, Mwenye Mdomo. Nimecheka hadi chai ikanipalia, kisha nikamwonea huruma mtoto. Pole, ila mchimba kisima huingia mwenyewe. Ulitaka kushinda, ukasema nusu ya jambo, na hiyo nusu ndiyo inayoliwa sasa.

Mimi hata mlango wa maabara siujui, lakini umenieleza nikaelewa. Mbona mama hukumweleza hivyo? Kwake ulitafuta sifa.

Leo hii, si kesho, siagi na sukari vikome, na mtoto aonwe na daktari. Jioni waite mawifi walewale, umwombe mama radhi mbele yao, useme lililobaki: ubongo unajipikia wenyewe, kila kitu kwa wakati wake, na kijiko hakiharakishi. Mwanamke aliyelea watoto wake hadi wakaoa anajua hakuna anayekimbia kabla ya kutambaa. Akibisha, mpeleke kazini akayaone madoa yako, ya mchanga na ya mzima. Panya mfiche kwanza. Na huyo mumeo aweke simu chini, mtoto ni wake pia.

Halafu usimnunie. Wewe umeandika utafiti miaka mingi, na katika dunia nzima mama mkwe ndiye wa kwanza kuufanyia kazi. Mshukuru, kisha mnyang'anye kijiko.